Mficha dawa ndiye anayezaa

Asubuhi ya kupimisha watoto, foleni ya akina mama kwenye kituo cha afya cha mtaani kwetu, Kadutu, hapa Bukavu mashariki mwa Kongo, huanzia kwenye ngazi za nje. Siku moja nilikuwa kwenye foleni hiyo, mtoto wa mdogo wangu mgongoni, nyuma ya jirani ambaye hakuleta mtoto. Yeye alikuja kwa sababu hakuwa ameona siku zake kwa miezi miwili. Muuguzi alimpima mkojo, akarudi na fishi yake, ile kadi ya kituo, akamshika mkono wa kushoto na kupapasa upande wa ndani, juu ya kiwiko, pale vijiti viwili vya Jadelle, dawa ya kuzuia mimba, vinapokaa chini ya ngozi. Akavikuta. Basi akasema, kwa sauti ya mtu anayenadi samaki wa sambaza sokoni: "Mama, dawa iko mu mukono na mimba iko mu tumbo? Sasa weye ulifanya nini?"

Foleni ikacheka. Nami nilicheka, wala si kidogo, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuandika haya. Jirani alijibu tu, "Sikufanya kitu," kicheko kikazidi, maana mimba ya kutofanya kitu tunaijua moja, na hiyo imeandikwa kwenye Injili.

Ulifanya nini? Swali hilo mwanamke wa Bukavu hulisikia kwa muuguzi, kwa mama mkwe, kwa dada wa kwaya, na kwa mume aliyekuwepo wakati kitu kinafanyika. Ndani yake mna imani ambayo hatuisemi waziwazi: kwamba dawa ya uzazi haikosei. Kwa hiyo mimba ikionekana, kuna mtu alikosea, na mtu huyo ni rahisi kumtambua kwa sababu tumbo lake linakua.

Mwongozo wa mpango wa uzazi wa Shirika la Afya Duniani una jedwali lenye safu mbili. Safu moja ni ya anayetumia njia bila kosa hata siku moja. Nyingine ni ya watu kama walivyo. Kwa vidonge, safu ya kwanza inasema mimba 0.3 kwa wanawake 100 katika mwaka mmoja. Ya pili inasema 7. Sindano ya miezi mitatu ni 0.2 na 4. Kapoti, yaani kondomu, ni 2 na 13. Kumwaga nje, ambako wanaume wengi wa mji huu wanakuita ujuzi, ni 4 na 20. Vijiti vya mkononi ni 0.1 safu zote mbili, maana havimwombi mtu akumbuke chochote.

Saba kwa mia inasikika ndogo. Lakini mwanamke hamezi vidonge mwaka mmoja akaacha. Chukua wanawake mia wanaomeza kwa miaka kumi, kasi ile ya 7 isibadilike: mwishoni 52 kati yao watakuwa wamepata angalau mimba moja wasiyoipanga. Kwa sindano, theluthi. Kwa kapoti peke yake, robo tatu. Kweli, kasi hupungua kadiri mtu anavyoizoea njia yake, kwa hiyo punguza kidogo. Punguza unavyotaka, bado katika foleni yoyote ya ngazi za Kadutu utabaki na akina mama wengi ambao dawa iliwakosea. Na namba hizi kwa sehemu kubwa zimetoka kwa wanawake wa Marekani, nchi ambako duka la dawa halikai miezi bila mzigo kwa sababu uwanja wa ndege umefungwa. UNFPA, shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu, ilipohesabu dunia nzima mwaka 2022, ilipata mimba milioni 121 zisizokusudiwa kila mwaka, karibu nusu ya mimba zote. Ukitaka kuwaita wote hao wazembe, huna budi kuwa na ujasiri mkubwa.

Kinachonivuta zaidi ni nafasi iliyo kati ya safu mbili. Kutoka 0.3 mpaka 7 kuna nini? Tumezoea kujibu kwamba mna usahaulifu. Wanawake husahau, wana mambo mengi. Mimi nimeishi Bukavu maisha yangu yote na ninasema nafasi ile imejaa kitu kingine. Imejaa kujificha.

Mwangalie anayemeza vidonge kwa siri ya mume, au ya mama mkwe, au, kama ni msichana, ya nyumba nzima. Kadutu tumejenga kwenye mteremko, bati la jirani wa chini liko sawa na kizingiti chako. Mtu akikohoa nyumba ya tatu unajua ni nani. Vidonge ataviweka wapi? Nimewahi kuonyeshwa: ndani ya ndoo ya unga wa muhogo, kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa fundo mbili, chini kabisa, kwa hesabu kwamba mwanaume hawezi kuchota unga. Siku wageni wanapokuja na shangazi ndiye anayesonga fufu, kidonge hakimezwi. Mwingine ameviacha kwa rafiki yake wa mtaa wa Nyamugo, anapita jioni akitoka sokoni. Mvua ikinyesha, udongo ukiteleza, hapiti. Kukosa kidonge kimoja si msiba, lakini kukosa vitatu mfululizo, au kuchelewa kuanza paketi mpya, ndiyo mwanya wenyewe. Muuguzi atauliza kama alisahau. Hakusahau. Usiku kucha alikuwa anakifikiria kile kidonge kilichoko chini ya unga.

Sindano je? Ilipaswa kuwa dawa ya wanaojificha, maana haiachi paketi. Lakini hubadilisha damu: mwingine hukosa hedhi kabisa, mwingine hutokwa na matone wiki tatu, na damu ya mke katika chumba kimoja si siri. Mume anauliza, mke anaacha. Au anarudi kuchomwa akiwa amechelewa wiki mbili, kwa kuwa siku ya tarehe yake kituo kilikuwa na binamu wa mume kwenye dawati la mapokezi. Mwongozo unaruhusu kuchomwa hata kwa kuchelewa wiki nne. Wapo wauguzi ambao hawalijui hilo, au wanalijua na wanapenda kutoa somo, wanamwambia arudi nyumbani asubiri hedhi. Anaisubiri. Haiji.

Waswahili walisema mficha uchi hazai, na walikuwa na maana yao nzuri kuhusu kuomba msaada. Kwetu methali imegeuka kichwa chini. Mficha dawa ndiye anayezaa.

Hukumu tunayoitoa baada ya mimba, kwa hiyo, imeshafanya kazi kabla ya mimba. Tunamcheka mwanamke kwa dawa iliyoshindwa, na yule wa nyuma kwenye foleni anaamua kwamba yake ataificha zaidi, nayo pia inashindwa, naye tunamcheka.

Kuhusu aibu ya dawa yenyewe, haikuanza jana. Kanuni ya adhabu tuliyorithi kutoka kwa Wabelgiji ilikuwa na kifungu cha 178 kilichowaadhibu wanaouza au kutangaza vitu vya kuzuia mimba. Desemba 1972 Rais Mobutu akatoa hotuba ya naissances désirables, uzazi unaotakiwa, na kwa miaka mingi huduma zikaitwa jina hilo. Mama zetu bado wanalitamka kama neno moja. Jina zuri, lakini lina mtego. Ukishaita uzazi fulani "unaotakiwa", umempa kila mtu ruhusa ya kumuuliza mama huyu kama wake ulitakiwa. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2013-2014 ulikuta kwamba kati ya wanawake 100 walioolewa, 8 tu walikuwa wanatumia njia ya kisasa, wakati wastani ulikuwa watoto 6.6 kwa kila mwanamke. Sheria ya afya ya umma ya Desemba 2018 ilifungua mlango: mtu yeyote mwenye umri wa kuzaa anaweza kupata njia ya kuzuia mimba. Kwa waliooana inataka wakubaliane, na wasipokubaliana, neno la yule anayehusika ndilo linalosimama. Yaani mwili wake, neno lake. Ni kifungu ambacho ningekibandika kwenye mlango wa kila kituo, karibu na lile tangazo la kunawa mikono, kwa sababu bado kuna vituo vinavyomwambia mke alete mume kwanza.

Kanisa nalo lina neno lake, na siwezi kulipita hapa Bukavu ambako vituo vingi vya afya ni vya Wakatoliki au Waprotestanti. Kwa Wakatoliki, tangu waraka wa Papa Paulo VI wa Julai 1968, ni njia za asili tu. Ninaziheshimu kuliko baadhi ya wenzangu wanavyodhani. Kuna ile kolie, mkufu wa shanga 32, mwanamke anasogeza pete ndogo ya mpira shanga moja kwa siku, na shanga nyeupe, kuanzia siku ya 8 mpaka ya 19, ndizo siku za kujihadhari. Inamfaa mwenye mzunguko wa siku 26 mpaka 32. Ikifuatwa sawasawa mimba ni 5 kwa mia kwa mwaka. Katika maisha ya kawaida ni 12. Lakini tazama inachodai: siku kumi na mbili mfululizo mume akubali. Kolie inaning'inia ukutani, inaonekana, haijifichi, hilo ni zuri lake. Siku ya 13 mume anarudi kutoka machimboni Kamituga baada ya wiki saba. Mpira uko kwenye shanga nyeupe. Niambie nani atashinda usiku ule, na nani ataulizwa swali baada ya miezi miwili.

Hata kunyonyesha, ambako hakuna anayekuonea haya, kuna masharti ambayo bibi zetu hawayahesabu. Kunazuia mimba kwa asilimia 98 kama mtoto hajafika miezi sita, kama hali kitu kingine ila ziwa, na kama hedhi haijarudi. Matatu yote kwa pamoja. Mama anayeuza mboga Kadutu anamwachia dada mkubwa mtoto wa miezi minne na kikombe cha uji. Hapo sharti moja limeanguka, na hakuna aliyemwambia. Mimba ikija, mtoto akaachishwa ziwa mapema, akavimba miguu, watu watasema ni bwaki, utapiamlo wa kuvimba, na watasema mama ndiye aliyeileta.

Na baba? Katika hukumu hii nzima, baba ni kama mpita njia aliyeulizwa saa. Kapoti hupasuka ikiwa imevaliwa na mwanaume. Ni yeye aliyeibeba miezi mitatu kwenye pochi ya nyuma, inapata joto na kusuguliwa. Ni yeye aliyeongeza mafuta ya kujipaka, ambayo huuharibu mpira wake kwa dakika chache. Kisha mwanamke ndiye anayeambiwa hakujilinda. Tuna neno fille-mère, binti aliyezaa bila ndoa, tunalitamka kwa Kiswahili chetu kama vile ni cheo, lakini hakuna la kiume linalolingana nalo. Binti akipata mimba, wakubwa wanakaa, anapelekwa kwa kina kijana na sanduku lake, huko anapokewa kama deni. Kijana anaendelea na mitihani. Na hii ni nchi ambayo sheria yake ya familia, tangu 1987, inasema kila mtoto wa Kongo lazima awe na baba, na kwamba hakuna mwenye haki ya kumpuuza mtoto wake, awe amezaliwa ndani ya ndoa au nje. Kufunga mirija ya mwanaume kunashindwa mara 0.15 tu kwa mia, mara chache kuliko karibu njia zote nilizotaja. Jaribu kulitaja kwenye kikao cha akina baba uone viti vinavyosogea.

Ninajua nitakaloambiwa: Bukavu si mji mkatili kwa wanawake, hapa ndipo ilipo Panzi, hospitali ya Daktari Mukwege inayowatibu waliobakwa. Ni kweli. Mji huu umejifunza, kwa bei mbaya sana, kumpokea mwanamke aliyebakwa. Mukwege alipopata Nobel ya Amani ya 2018 tulitembea barabarani kwa furaha. Tunayo maneno ya kumsemea yule aliyelazimishwa, ingawa hata yeye nyumbani hapokewi kila mara. Lakini yule aliyetaka mapenzi na hakutaka mimba, aliyekwenda kituoni kwa miguu yake, akalipa, akachomwa, akafuata tarehe, hatuna neno lake. Kwetu mwanamke hana budi kuwa amedhulumiwa ndipo asamehewe mimba.

Sheria pia imegawanya hivyo. Kanuni ya adhabu inatishia mwanamke anayetoa mimba kifungo cha miaka 5 mpaka 10, na anayemtoa miaka 5 mpaka 15. Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, iliyochapishwa katika gazeti rasmi la serikali Machi 2018, imefungua mlango wa kutoa mimba iliyotokana na ubakaji au maharimu, na mimba inayohatarisha afya ya mama, ya mwili au ya akili, au uhai wake au wa kitoto. Dawa iliyoshindwa haimo kwa jina lake. Sitaingia zaidi hapo, kila msomaji ana dini yake. Ila aliyeharibikiwa na mimba, kwa namna yoyote, akifika kituoni anatokwa na damu, kumhoji kabla ya kumtibu ni kumwua, na tunawajua waliochelewa njiani kwa sababu waliogopa kuhojiwa.

Kuhusu kidonge cha dharura, nitasema moja tu. Kile cha kawaida humezwa ndani ya siku tatu, bora saa za mwanzo, na kila saa inayopita hukipunguzia nguvu. Wanaokijua vizuri zaidi mjini hapa ni wanafunzi wa kiume. Wao hukinunua mtaani Nyawera bila mtu kuwatazama mara mbili. Msichana akikiomba, muuzaji anauliza ni cha nani.

Halafu ikaja vita, na safu ya pili ya jedwali ikapanuka. Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na dawa nyingi za uzazi nchini zilikuwa zinapitia huko. Februari waasi wa M23 wakaingia Bukavu. Benki zikafungwa, uwanja wa Kavumu ukafungwa. Mwanamke aliyekimbia usiku kuelekea kisiwa cha Idjwi au ng'ambo ya mto Ruzizi alibeba mtoto, kadi ya uchaguzi na godoro. Hakuna aliyechimba ndoo ya unga kutafuta vidonge. Walioahidiwa sindano ya Machi walikuta rafu tupu. Mimba za mwaka ule zina sababu zinazoweza kuandikwa kwenye ramani. Lakini sikusikia mtu akimuuliza mwenye bunduki alifanya nini.

Ipo sindano mpya kidogo, ya kuchoma chini ya ngozi, ambayo mwanamke anaweza kujichoma mwenyewe nyumbani. Shirika la Afya Duniani limeipendekeza hivyo tangu 2019. Inampunguzia safari za kituoni na macho ya foleni. Nimeisifu kwa watu, mpaka mama mmoja wa makamo akaniuliza taratibu: na kichupa chake nitakitupa wapi, mwanangu?

Narudi kwa jirani, ambaye ameniruhusu nisimulie. Mwaka wa mimba ile mume wake alirudi kutoka machimboni na kikohozi. Jirani akaambukizwa naye. Kifua kikuu. Alitibiwa miezi sita kwenye kituo kile kile, meza ya upande wa kulia wa korido, na mkojo wake ukawa rangi ya Fanta kama wote wanaotumia dawa hizo. Rangi ile inatoka kwa rifampisini, na rifampisini huamsha ini likaanza kuchoma homoni haraka kuliko kijiti kinavyozitoa. Nguvu ya kijiti hushuka. Dawa ya hilo inajulikana: kapoti juu yake kwa muda wa matibabu, au sindano, ambayo haisumbuliwi na rifampisini. Meza ya mpango wa uzazi iko upande wa kushoto wa korido ile ile, hatua sita.

Nilimuuliza kwa nini meza ya kulia hawakujua. Akasema walimuuliza, siku ya kwanza kabisa: kuna dawa nyingine unatumia? Lakini mgonjwa wa kifua huja na mtu wa nyumbani atakayemsimamia anameza, na wake alikuwa mama mkwe, ameketi pembeni yake na kitenge cha Jumapili. Akajibu hapana.

Mtoto ana miaka miwili sasa, mnene, anapenda kuning'inia kwenye mkono ule ule wa kushoto. Vijiti havijatolewa hadi leo, ukipapasa unavigusa. Fishi nimeiona pia. Kwenye mstari wa sababu, muuguzi aliandika neno moja la Kifaransa, kwa kalamu nyekundu: oubli. Kusahau.